Kilomita 187,000? Mimi ningechukua hiyo

Wiki jana binamu yangu alinirushia picha mbili kwenye WhatsApp. Subaru Impreza WRX STI mbili, zote za 2013, zote buluu, zote zimeoshwa zikang'aa kama zinapeleka bibi harusi kanisani. Moja iko kwenye yadi Nairobi, mita inasoma kilomita 72,400, bei milioni mbili na laki moja. Nyingine iko hapa hapa kwetu Turbo, mita inasoma 187,000 na ushee, mwenyewe anataka milioni moja na laki saba na nusu. Chini ya picha ameandika: "Hiyo ya pili ni mzoga, ama? Ya Nairobi nalipia deposi Ijumaa."

Nilimpigia simu hapo hapo. Kuna mambo ukianza kuyaandika kwa meseji mtu atakuwa ameshatuma pesa kabla hujamaliza.

Binamu yangu ni mkimbiaji. Hizo milioni mbili hakuziokota. Ni pesa za mbio za barabarani huko Ulaya, misimu mitatu ya kuamka saa kumi na moja alfajiri na baridi ile ya kwetu inayouma masikio. Ndiyo maana sikutaka azitoe kwa sababu ya namba moja iliyo nyuma ya usukani.

Kwanza nieleze kwa nini hata tunabishana kuhusu Subaru. Mji wetu unaandikwa Turbo, na kile kidude cha kusukumia injini hewa tunakiita tabo. Kwa mdomo ni neno moja, na vijana wa hapa tumelichukulia kama amri ya serikali. Mwaka wa 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimesimuliwa mbio hizo mara nyingi hadi naona kama nilikuwa nimesimama kando ya barabara nikipigwa vumbi. Na hata ukiacha ushabiki, kuna hesabu ya kweli. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Yenye tabo inajisukumia hewa yenyewe, kwa hiyo mlima haiuhisi sana. Ukipanda lori likiwa mbele yako kwenye ile barabara ya kwenda Eldoret, utaelewa kwa nini mtu anauza ng'ombe anunue Subaru.

Sasa turudi kwa zile namba mbili.

Mimi nasema hivi: kilomita nyingi zinazojulikana ni afadhali kuliko kilomita chache zisizo na shahidi. Najua sivyo tunavyonunua. Sisi tunafungua mlango, tunachungulia dashibodi, tukiona namba iko chini ya laki moja moyo unatulia. Broka anajua hivyo kuliko sisi. Na kwa sababu anajua, hiyo namba ndiyo kitu cha kwanza atakachokitengeneza. Kurudisha mita si kazi ya miujiza. Ni kompyuta ndogo, waya, na muda mfupi kuliko wa kunyolewa kinyozi.

Haya sikuyasoma kitabuni. Mwaka wa 2022 kaka yangu mkubwa alinunua Impreza S-GT ya 2009, ile yenye tabo na injini ya EJ20, gia ya mkono. Mita ilikuwa inasoma 84,000. Alilipa laki nane na sabini. Sehemu ilikuwa akiba yake, sehemu mkopo wa Sacco, na sehemu, nisifiche, ilikuwa karo yangu. Mama alikuwa ameiweka kwa mwaka wangu wa pili chuoni, kaka akamwomba kwa miezi miwili tu. Alikuwa na mpango: wikendi alikodishe kwa maarusi, siku za kazi alitumie kwa shughuli zake. Mama akakubali. Mimi pia nilikubali, tena kwa furaha, kwa sababu nilishajiona nikishukia getini chuoni nikiwa ndani ya kile chuma.

Gari lilitembea miezi mitatu. Siku moja jioni tulikuwa tumepita Jua Kali tukirudi nyumbani, kaka kwenye gia ya nne, injini ikazima. Haikugonga, haikutoa moshi, ilinyamaza tu kama redio iliyochomolewa kwenye stima. Tulivutwa na kenta hadi Turbo. Kesho yake fundi akafungua pale mbele, akavuta vipande vya mkanda wa taimingi. Injini ya EJ20 haisamehe mkanda ukikatika: pistoni zinapanda, valvu bado ziko chini, zinakutana. Zetu zilikuwa zimepinda kama misumari iliyopigwa na mtoto.

Kilichoniuma zaidi si hicho. Fundi alichukua kile kifuniko cha plastiki cha mkanda, akakipangusa kwa kitambaa, akanionyesha kibandiko. Maandishi ya Kijapani, lakini namba ni zile zile zetu: 27, halafu chini yake 101,300. Gereji za Japani zikibadilisha mkanda mara nyingi hubandika karatasi kama hiyo, tarehe na kilomita. Ile 27 ni mwaka wa enzi ya mfalme wao, ambao kwetu ni 2015. Yaani mwaka wa 2015, gari likiwa bado Japani, lilikuwa limeshapita laki moja. Kaka alilinunua 2022 likiwa na 84,000.

Ukweli ulikuwa umeandikwa chini ya boneti wakati wote huo, kwa wino, na sisi watatu tulioenda kulikagua tulishughulika kupiga selfi.

Injini ya mtumba tuliitiwa laki mbili na nusu kabla ya kazi ya fundi. Hazikuwepo. Aliyetuuzia alisema risiti iko wazi: gari limeuzwa jinsi lilivyo. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012, na inakataza muuzaji kutoa maelezo ya uongo kuhusu anachouza, lakini lazima uwe na kitu cha kuonyesha, na kaka hakuwa na hata karatasi moja iliyoandikwa kilomita. Ujinga wetu wa kwanza ulikuwa huo. Siku hizi mtu akiniomba ushauri namwambia namba ya mita iandikwe kwenye makubaliano ya mauzo, pamoja na tarehe na sahihi. Muuzaji akianza kujikunakuna, umeshapata jibu. Chuoni sikurudi. Simlaumu kaka, na hilo tuliache hapo.

Kwa hiyo binamu aliponiuliza, sikuangalia picha. Nilipiga hesabu.

Gari la 2013 lazima liliingia Kenya kufikia 2020, kwa sababu sheria yetu hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka minane. Tuchukulie lile la Nairobi lilishuka Mombasa likiwa na 60,000 au 65,000. Hiyo inawezekana kabisa, Wajapani wana treni. Lakini sasa limekaa Kenya miaka mitano. Kama mita inasoma 72,400, basi kwa miaka mitano STI, gari ambalo mtu hulinunua ili aliendeshe, limetembea kilomita elfu saba au kumi na mbili hivi. Elfu mbili na kitu kwa mwaka! Nyanya yangu na mkokoteni wa maziwa anazidi hapo. Inawezekana? Ndiyo, mwenyewe anaweza kuwa alikuwa ughaibuni na gari likalala kwenye karakana. Basi alete pasipoti. Asipoweza kueleza hilo, hiyo namba imerudishwa.

Lile la Turbo ni hadithi nyingine. Tunalijua. Hupita stendi kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, unalisikia kabla hujaliona. Mwenyewe analala hapa na kazi yake iko Eldoret. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 70, na kwa siku 300 za mwaka ni 21,000. Miaka mitano, laki moja na elfu tano. Anasema lilikuja na 81,000 na ana cheti cha Japani kinachoonyesha hivyo. Jumlisha: 186,000. Mita inasema 187,000. Hesabu imekubali, na mashahidi ni nusu ya mji.

Halafu kuna jambo ambalo mita haijui kabisa: saa. Kilomita laki moja kwa mwendo wa wastani wa 80 ni saa 1,250 za injini kufanya kazi. Kilomita hizo hizo kwenye foleni ya Nairobi, wastani wa 20, ni saa 5,000. Mara nne. Oili imechemka mara nne, feni imezunguka mara nne, na mguu wa kushoto wa dereva umekanyaga klachi mara ambazo hakuna anayezihesabu. Gari la barabara ndefu lenye 187,000 linaweza kuwa limechoka kidogo kuliko la mjini lenye laki moja. Na tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikishika kasi, huku ikilindwa na utando mwembamba tu wa oili. Haiulizi umeenda kilomita ngapi. Inauliza oili ilibadilishwa lini, kama ulivuta kwa nguvu kabla injini haijapata moto, na kama ulizima ghafla ikiwa bado inawaka. Nawajua vijana wawili hapa mjini walioua tabo zenye kilomita chache kwa sababu ya kuzima gari mbele ya klabu kwa madoido.

Binamu hakushawishika. "Buda, 187 ni 187," akasema. Nikamwuliza anakimbia kilomita ngapi kwa wiki. Mia moja na themanini. Nikamwambia kwa mwaka hizo ni zaidi ya elfu tisa, je, yeye ni mzoga? Eliud Kipchoge amekimbia zaidi ya kilomita 200 kwa wiki, mwaka baada ya mwaka, kule Kaptagat, na Septemba 2022 alienda Berlin akiwa na miaka 37 akaweka rekodi ya dunia ya saa mbili, dakika moja na sekunde tisa. Kuna vijana wa miaka 20 wenye miguu mipya kabisa ambao hawamalizi mbio za kijiji. Akacheka. Lakini alinyamaza kidogo baada ya kucheka, na mimi najua kunyamaza kwake.

Sasa, msinielewe vibaya. Sisemi kilomita nyingi ni sifa. Gari lenye 187,000 lina vitu vinavyoelekea kuisha, na ukijifanya huvioni utalia. Kwa EJ20 mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Huu uliopo ni wa pili, na kwa 187,000 umekaribia mwisho wake, kwa hiyo kwangu huo ni mkanda mpya pamoja na pampu ya maji na zile roli zake, siku ya kwanza, kabla hata ya kulipeleka kwa mathe akaliombee. Klachi huenda ni ile ile ya Japani. Shokamzoba, bushi, biaringi za magurudumu, vyote vimeonja matuta yetu, na mnayajua matuta ya barabara hii. Tofauti ya bei kati ya magari haya mawili ni laki tatu na nusu. Nilimwambia binamu hizo si pesa zilizobaki, ni pesa za gari lile lile, azifungie mahali.

Na kuna siku ambapo hata mimi ningelikimbia hilo la 187,000. Kama limeongezwa nguvu na fundi wa kompyuta na hakuna anayejua ni fundi gani, sitaki. Injini hizi zikivutwa kupita kiasi pistoni hupasuka, na biaringi za chini zikianza kugonga, huo ni msiba. Kama mwenyewe anakwambia sevisi alifanya "kila mara" lakini hana risiti hata ya plagi, sitaki. Kitu kingine: nenda kulitazama asubuhi na mapema bila kumpa nafasi ya kuliwasha. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa tayari ina moto, mtu amekuwa akificha sauti fulani ya injini baridi. Liwashe wewe, sikiliza sekunde kumi za kwanza, halafu mtu asimame nyuma aangalie moshi. Moshi wa buluu unaotoka baada ya gari kunguruma mahali pamoja dakika chache ni oili inayoungua, na mara nyingi inatoka kwenye tabo. Vuta kijiti cha oili. Kisha mlipe fundi wako, si fundi wa muuzaji, apime mgandamizo wa silinda zote nne. Akikuta tatu zinalingana na moja imelala, shukuruni, pandeni matatu mwende nyumbani.

Vitu vidogo huongea pia. Usukani wa gari la 72,000 haung'ai kama kichwa cha mzee. Raba ya pedali ya klachi haijalika upande mmoja hadi chuma kuonekana. Ubavu wa kiti cha dereva, pale unapojisugua ukishuka, haujapasuka. Kwenye picha za lile la Nairobi, usukani umevalishwa kava jipya na viti vimevalishwa ngozi mpya nyekundu. Labda mwenyewe anapenda nyekundu tu. Lakini mimi nilipoona kava nilikumbuka kifuniko cha mkanda.

Upande wa karatasi, Japani wanatusaidia kuliko tunavyojisaidia. Kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na cheti chao huandikwa kilomita. Karatasi ya mnada pia huandikwa kilomita. Aliyeagiza gari kihalali anaweza kukupa vyote viwili, na ukiwa na namba ya chasisi unaweza kulinganisha kama ni vya gari hilo kweli. Shida inaanzia Mombasa. Likishapata namba ya Kenya, logbuku yetu ina jina la mwenye gari, rangi, namba ya injini, lakini kilomita hakuna. Kuanzia hapo historia ya gari inabaki kwenye mdomo wa mwenyewe na risiti za gereji, kama alizitunza. Serikali inayoweza kuhesabu kila shilingi kwenye simu yangu ingeweza kuandika namba moja zaidi kila gari linapobadilisha mwenyewe. Ingeharibu biashara ya watu fulani, najua.

Ijumaa ilipita. Binamu hakutuma deposi Nairobi. Aliomba yadi wamtumie karatasi ya mnada, wakamwambia ilipotea wakati ofisi ilipohamishwa, lakini wako tayari kumpunguzia laki moja akija na pesa taslimu. Mwenye gari la Turbo naye amesema twende Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kabla halijawashwa. Fundi wetu ni yule yule aliyenionyesha kibandiko. Kaka pia amesema atakuja, ingawa hakuna aliyemwalika, na amenunua tochi.